Kamati ya Kudumu ya Maji ya Jakuzi

Kuanzia Jumatatu ile, saa mbili kamili asubuhi, maji ya jakuzi la nyumbani kwa Mkurugenzi yaliwekwa rasmi chini ya Kamati ya Kudumu. Tangazo likabandikwa kwenye friji, likagongwa muhuri.

Sababu ilikuwa nzito. Jumamosi bosi wake, Mkuu wa Idara, anakuja kujiloweka kwenye hilo beseni la maji moto, na kiti cha Katibu kiko wazi. Mkurugenzi alikitaka kile kiti mpaka kikamkosesha usingizi. Sasa maji yenyewe ya kijani, yananuka kama soksi za timu nzima.

"Tia dawa tu, baba watoto," mkewe akasema. "Nyuma ya kopo wameandika kila kitu."

"Mama watoto, taratibu. Dawa haitangulii kikao."

Wajumbe walikuwa watatu: Mkurugenzi mwenyewe, shemeji yake anayekula na kulala palepale, na dereva. Mke hakuteuliwa. Alishasoma maelekezo, kwa hiyo asingekuwa huru kimawazo.

Wakachovya karatasi ya kupimia. Ile karatasi, bwana, rangi yake unaisoma baada ya sekunde kumi na tano. Wao wakasoma ajenda kwanza. Kufika kwenye rangi, nusu saa imepita, karatasi imekauka kau.

"Naona kama machungwa," shemeji akasema.

"Dereva?"

"Mimi naona vile utakavyoona wewe, bosi."

Kwa kauli moja wakapitisha kwamba pH ni saba nukta nne na klorini inatosha. Maji hayakupewa nakala.

Ijumaa yakatoa povu. Ikaundwa kamati ndogo ya povu. Hapo mke akachoka. Wenzake wamejifungia sebuleni wanajadili, yeye akaosha chujio, akapima, akaanza na dawa ya alkali, ikaja ya pH, mwisho klorini, pampu inazunguka na kifuniko kiko wazi. Jumamosi maji yaling'aa, unaona mpaka skrubu za chini.

Mkuu akazama na kitambi chake, akafumba macho, akashusha pumzi kama tairi lililochomolewa msumari.

"Nani anayatunza haya maji?"

Mke akafungua mdomo. Mkurugenzi akamuwahi. "Ni mimi, mheshimiwa. Kwa mikono yangu mwenyewe. Hapa hakuna mwingine anayejua."

"Nikwambie ukweli," Mkuu akasema bila kufumbua macho. "Wa kukalia kiti cha Katibu ninao hata kumi. Mtu wa maji nimemtafuta miaka miwili. Kwangu yapo majakuzi matatu, yote kijani. Jumatatu njoo na ndoo. Uanze na la mama mkwe wangu."

"Ni heshima kubwa, mheshimiwa."

Gari la Mkuu lilipotokomea, Mkurugenzi akaenda jikoni, akavuta stuli karibu na mkewe aliyekuwa anakata vitunguu.

"Mama watoto, hivi unaanza na ipi?"

"Alkali. Ukikurupuka na klorini, mama mkwe wa watu atatoka humo na ngozi ya kenge."

"Polepole," akasema, akijipapasa mifukoni kutafuta kalamu. "Naandika."