Zamu ya Mama Tunu

Jumapili, 18 Februari 2001

Wiki ya sita hapa Kathiani. Nyumba ya mawe niliyoahidi ipo, ingawa mawe yanaishia madirishani. Shuleni naheshimiwa. Mimi ndiye Mtanzania wao, mwalimu wa Kiswahili aliyeletwa kutoka Korogwe kama mbegu bora. Ila mke wangu! Leo baada ya ibada Mama Tunu kasema wazi: ikifika likizo ya Aprili hajapata hata mtu mmoja wa kucheka naye, anamchukua Tunu na kurudi kwao. Sokoni akiamkia shikamoo wanatabasamu, kisha wanaendelea na Kikamba chao. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Nimeapa kumtafutia rafiki. Mimi niliyekuwa katibu wa vyama vitatu chuoni, nishindwe na rafiki mmoja?

Jumatatu, 19 Februari

Nimepata! Kuna mwethya, kikundi cha kina mama wa kilima hiki wanaochimbiana matuta ya shamba kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu. Marafiki ishirini na sita kwa mpigo! Nimemwandikia mwenyekiti, Mama Kalekye, barua ya maombi. Kurasa nne, methali saba. Saa kumi jioni kairudisha mwenyewe: "Mwalimu, hapa hatuandikangi barua. Ambia bibi yako akuje Jumatano na jembe."

Jembe! Mke wa mwalimu, jembe begani, barabara nzima ikimtazama! Watasema nimemvusha mpaka kuja kuwa kibarua. Sijamwambia neno.

Jumatano, 21 Februari

Ushindi mtupu. Nimemtuma Mutindi, anayewafulia majirani, akachimbe kwa niaba ya mke wangu. Malipo, kilo mbili za sukari. Akiulizwa, aseme Mama Tunu anaumwa mgongo. Jina la mke wangu tayari limo katika daftari la kikundi. Mtu akishazoeleka kwa jina, sura ni kazi ndogo.

Mchana nilikuja kula, nikamkuta Mama Tunu kibarazani, sindano mkononi, anasikiliza nyimbo za mwethya kutoka ng'ambo ya bonde. Akauliza kuna nini huko. Nikasema msiba. Akasema basi watu wa huku wanazikana kwa furaha. Sauti yake sikuipenda. Nikala harakaharaka nikarudi shule.

Jioni Mutindi karudi na ndizi alizopewa, na vicheko ambavyo asubuhi hakuwa navyo.

Jumamosi, 24 Februari

Balaa! Nilisahau kwamba zamu huzunguka. Saa moja asubuhi kina mama ishirini na sita uani kwangu, majembe begani. Na kwa kuwa mama mwenye nyumba ni mgonjwa, kila mmoja na ukuni wa kumpa pole mkononi. Wakaanza kuuombea mgongo. Hawajafika amina, Mama Tunu huyo, anapanda kutoka mtoni, dumu la lita ishirini kichwani, wala halishiki.

Mama Kalekye akamuuliza mgongo unaendeleaje. Mke wangu akauliza mgongo upi. Wote wakanigeukia. Nikaanza na methali. Mutindi akaeleza yote, hadi sukari.

"Kumbe haukuwa msiba," mke wangu akaniambia. Taratibu, mbele ya wote.

Mama Kalekye akanifahamisha kwamba mwethya haununuliwi, na shamba la aliyetuma kibarua haliguswi. Wakainua majembe. Mama Tunu akatua maji, akachukua jembe letu, akauliza zamu inayofuata ni ya nani. Ya Ndila, wakamwambia. Akaondoka nao. Mimi na Tunu tukabaki na rundo la kuni.

Jumapili, 25 Februari

Jana alirudi jioni, viganja vimechubuka, wanacheka na Mutindi hadi kwenye ua. Aliponiona akaingia ndani.

Yote niliyomtafutia kayapata kwa siku moja. Naona wivu, acha niandike ukweli. Ningemwambia tu Jumatatu ile. Ningembebea hilo jembe mwenyewe. Alikuwa amekaa peke yake anasikiliza watu wakiimba, nami nikamdanganya ili nikale. Hilo linaniuma kuliko aibu ya uani.

Leo kasema harudi Korogwe. Nikashangilia mapema. Akaongeza kwamba anabaki kwa ajili ya wale kina mama. Tangu jana haniiti Baba Tunu. Ananiita Mwalimu, kama watu wote.

Msamaha lazima uombwe, tena upesi. Nimezungumza na Onesmus, mwalimu wa hesabu, mtu mwenye sauti ya upole na anayeaminika kanisani. Amekubali kuja kesho jioni kumwomba mke wangu radhi kwa niaba yangu. Mimi nitakuwa shuleni, nasahihisha insha.