Barua ya Kumhimiza Yasunari

Siku ya kwanza ya Aprili, ofisi ya mji wa Hinokuma iliwatangazia wakazi wote kwamba furaha, ambayo hadi hapo ilikuwa ikifanywa kiholela, kila mtu nyumbani kwake na kwa saa aliyojisikia, sasa imeundiwa idara. Sababu ilikuwa njema. Kijana wa mji, Yasunari Kurotaki, alikuwa amekwenda kurusha mpira katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, na Meya Ukawa aliona si busara jambo kubwa namna hiyo kuachiwa watu wanaopenda besiboli.

Idara ya Furaha ya Pamoja ikapewa chumba ghorofa ya pili, meza tatu, na mkuu wake, Bwana Numajiri, mtu makini aliyehamishwa kutoka maji taka. Kanuni alizimaliza kwa wiki mbili. Wakazi wakusanyike ukumbini asubuhi, mchezo unapoanza kule. Makofi yaanze mkuu wa idara anapoinua kipepeo chake cha kujipepea. Kuguna, mara moja kwa mchezo. Timu ikishindwa, isemwe kwamba ushindi umeahirishwa. Mama mzazi aketi mstari wa mbele, katikati, amepakata picha ya marehemu mumewe, na atokwe na machozi panapostahili.

Mama mzazi huyo alikuwa Sadae, mjane mwenye duka la tofu, ile jibini ya soya, nyuma ya hekalu. Aliketi walipomwambia aketi. Machozi hakuyatoa, alisema hayo huwa anayapeleka kwa Buddha na kwa mume wake, na hao wawili hawamtaki ayatoe kwa ratiba. Bwana Numajiri akaandika katika ripoti: machozi yapo, bado kutolewa.

Mwezi Juni Yasunari akapiga simu. Kiwiko kilikuwa kinamuuma tangu majira yaanze. Daktari wa huko alimwambia kipasuliwe sasa, apumzike mwaka mzima. Akiendelea kurusha hadi Septemba, hata bakuli la wali litamshinda kuinua. Kwenye timu hajamwambia mtu.

"Basi acha, mwanangu," Sadae akasema.

"Wewe utasema hivyo, Mama. Wewe ni mama. Na barua ya mwezi huu imefika."

Sadae aliijua barua. Kila mwezi mji ulimwandikia kijana barua ya kumhimiza, karatasi nene, maandishi ya brashi, muhuri mwekundu wa meya. Husomwa ukumbini mbele ya kamera kisha hutumwa. Siku zote ilisema jikaze, mji mzima unakutazama. Yasunari alikuwa amezibandika zote ukutani, juu ya kitanda. Sadae alipoweka simu chini alikuwa ameelewa jambo moja: neno lake halina muhuri.

Kesho yake alimwekea marehemu mumewe wali na ubani mbele ya picha yake, akamwomba amshike mkono, akapanda ghorofa ya pili. Akaomba barua ijayo imwambie mtoto apumzike.

"Mama Yasunari," akasema Bwana Numajiri kwa upole, "idara hii ni ya furaha. Mapumziko yako chini ya Afya."

Afya wakamwambia mkono unaohusika uko Marekani, aende dawati la nchi za nje. Dawati la nchi za nje wakapekua mafaili, wakakuta mkono huo umeorodheshwa chini ya Furaha. Akapanda ngazi tena. Bwana Numajiri aliona haya, akamtolea fomu ya mkazi anayependekeza maneno ya barua. Zilichapishwa mia tano, na hiyo ilikuwa ya kwanza kuombwa.

Sadae akaandika palepale, maneno machache, herufi kubwa, kama anavyoandika bango la dukani. Kisha akaisukuma fomu. "Isome kwanza, Bwana."

"Kusoma ni kwa walio juu yangu. Mimi naianzisha tu."

Akagonga muhuri wake, ameulaza kidogo kushoto, kwa adabu, maana muhuri wa mdogo huuinamia wa mkubwa. Aliyemfuata akagonga kwa kuwa Bwana Numajiri amegonga. Wa tatu akagonga kwa kuwa wawili hawawezi kukosea. Mihuri ikazidi kuinama, hata wa sita ulikuwa karibu kulala usingizi. Meya akatazama mihuri sita inayomsujudia, akaona karatasi haina dosari, akagonga wake wima.

Siku ya kusoma ukumbi ulijaa, na televisheni ya mkoa ilikuwepo. Meya akakohoa, akasoma kwa sauti ya kifuani:

"Yasunari. Mkono ukiuma, acha kurusha."

Akasita. Wakuu sita wakaanza kuchunguza viatu vyao. Kamera ilikuwa inawaka taa, kwa hiyo Meya akaendelea.

"Mji huu ulikuwepo kabla ya besiboli. Wewe umetufurahisha vya kutosha. Katibiwe, kisha rudi ule. Meya wa Hinokuma, kwa niaba ya wakazi wote."

Kipepeo hakikuinuliwa. Mzee mmoja kinyozi akapiga makofi bila idhini, na ukumbi mzima ukavunja kanuni.

Kikao cha dharura kilichukua saa nne nzima. Barua ingeweza kufutwa, ila fomu ya kufuta ilitaka maelezo kwa nini watu saba waligonga wasichokisoma. Wakakubaliana kwa kauli moja kwamba wote waliisoma, tena kwa makini, na kwamba huo ni mwelekeo mpya wa Meya. Magazeti yakamsifu. Barua ikatumwa, na Yasunari akaipeleka kwa kocha akiwa ameishika kwa mikono miwili. Wiki ile ile akapasuliwa.

Lakini mwelekeo ni mwelekeo. Jumatatu iliyofuata karani wa maji alikuja na nakala ya barua, akaonyesha kifundo cha mkono, akaenda nyumbani. Akafuata Bwana Numajiri, mgongo, baada ya miaka kumi na tisa bila likizo. Kufika Septemba wakuu wote sita walikuwa wanapumzika kihalali, na Meya alikuwa dirishani peke yake, anagonga vyeti vya ukaazi na usajili wa mbwa, foleni imefika barabarani.

Yasunari aliporudi, mkono umefungwa kifuani, Meya alikimbia kituo cha treni na kamera nyuma yake.

"Kijana wetu, inua mkono uwapungie watu."

Sadae akaingia katikati, akainama kwa heshima zote.

"Huu unapumzika kwa amri yako, Mheshimiwa. Punga wewe."

Taa ya kamera ilikuwa inawaka. Meya akainua mkono uliogonga mihuri miezi miwili, akapunga. Uso ulimkunjamana kwa maumivu, kila mtu akauona, lakini juu yake hapakuwa na mtu wa kumwandikia barua.