Wimbo wa Nungunungu Ukweni Chilangala

Leo nimeadhirika ukweni, tena nikiwa nimevaa tai.

Nawaandikia haraka kutoka kwenye duka la intaneti hapa stendi ya Masasi. Mama Tumaini yuko sokoni ananunua dagaa. Nina kama nusu saa, na kompyuta yenyewe inafikiri kwanza kabla ya kuandika kila herufi (kama mimi). Someni wote kundini, halafu mfute.

Mnajua mke wangu aliondoka. Hamjui? Basi ndiyo hivyo, hii ni wiki ya tatu. Alimchukua mtoto wetu, Tumaini, akaenda kwao Chilangala, akaniachia ujumbe kwa jirani: "Mwambie mwalimu sikuolewa na kabati." Sikukasirika. Nilikuwa nimechoka mno kukasirika. Isitoshe, alikuwa na haki. Nashinda nikipiga kelele darasani, nikifika nyumbani maneno yameniishia. Akiniuliza habari za kutwa, najibu "nzuri", nalala.

Nyumba ikawa kimya kweli kweli. Juzijuzi nikapita mnadani hapa Masasi kutafuta viatu vya mtumba, nikakuta kaseti imechanganyika na soksi. Nyimbo za ile katuni ya nungunungu! Nikasahau viatu.

Picha hiyo niliiona utotoni Newala, miaka ile serikali ilipofungua biashara, mfanyabiashara mmoja akaleta video na jenereta lake. Kiingilio kilikuwa bakuli la korosho. Watoto tulikaa chini mbele, na kina mama waliotoka vijijini kuuza korosho walisimama nyuma na mizigo kichwani, wakisema wanapita tu (hawakupita mpaka picha ikaisha). Nungunungu yule alikuwa anaimba kila akipatwa na jambo. Akipotea anaimba. Akinyeshewa anaimba. Lugha hatukuijua hata kidogo, lakini wimbo wa mwisho tuliushika wote, pamoja na mtindo wake. Unageuka mara mbili, unapiga makofi matatu, halafu unatikisa miiba.

Nimeusikiliza wiki nzima. Sasa lugha naielewa kiasi, na nawaambia, zile nyimbo si za watoto! Yule mnyama amechoka. Anaimba kwamba amerudi nyumbani, kapika, na hana wa kumkaribisha chakula. Nilipokuwa na miaka kumi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Safari hii nimelia huku nasonga ugali, ugali wenyewe ukashika chini. Hapo ndipo nikaamua kumfuata mke wangu.

Leo alfajiri nimepanda mlima wa Newala juu ya lori, na tai yangu na kaseti mfukoni. Nimefika Chilangala saa nne, vumbi mpaka kwenye kope. Nimevaa tai nyuma ya mkorosho.

Uwanja umejaa. Ni msimu, kwa hiyo kina mama wote wa ukoo wamekaa kwenye mikeka wanachambua korosho. Nikatoa shikamoo moja moja mpaka koo likakauka (na kule juu maji si kitu cha kuomba ovyo). Mke wangu akaniangalia mara moja, akarudi kwenye korosho zake. Mama mkwe hakuniangalia kabisa. Huyu mama mumwelewe vizuri: ni kungwi. Wasichana wote wa kijiji kile wamechezwa unyago na yeye, na neno lake halirudiwi.

Aliyesimamia kikao ni mjomba wake mke wangu.

"Haya Mwalimu. Tumekuona. Sema."

Hotuba nilikuwa nimeiandaa njia nzima. Nikafungua mdomo. Hamna kitu! Imebaki kwenye lori.

"Mjomba... nimekuja," nikasema.

"Hilo tunaliona."

Mke wangu akavuta pumzi, ile ya "si niliwaambia?" Wakati huohuo Tumaini, binti yangu wa miaka minne, akatokea jikoni, akaiona tai, akapiga kelele na kujificha nyuma ya bibi yake.

Mjomba akatikisa kichwa. "Mtoto wako mwenyewe anakukimbia. Mbembeleze huyo kwanza, tumwone anakuja. Akikataa mtoto, mama yake tutakupaje?"

Mnaona mtego huo? Mke wangu sasa yuko mikononi mwa mtoto wa miaka minne. Na mimi kichwani nina kitu kimoja tu, wimbo wa nungunungu.

Nikaanza taratibu. Tumaini akachungulia. Nikapandisha sauti kidogo. Akatoa kichwa chote. Nikapata moyo, nikasimama, nikageuka mara mbili, nikapiga makofi matatu, nikatikisa miiba. (Binadamu hana miiba. Mnajua nilichotikisa.)

Ungo mmoja wa korosho ukaanguka. Mama mmoja akajifunika khanga usoni, mabega yanatetemeka. Mimi nikadhani wameguswa! Nikarudia ubeti, mara hii kwa nguvu, nikawahimiza: "Kina mama, nisaidieni!"

Na kweli akapatikana wa kunisaidia. Bibi mzaa mama mkwe, ambaye haoni vizuri na husahau hata kama amekula, akainua mkono akaitikia kiitikio kwa Kimakonde, bila kukosea, akamalizia na kigelegele.

Nikaganda, kiuno kikiwa bado upande. Bibi amejuaje kiitikio?

Mama mdogo wa mke wangu akasimama. "Hayo ni mambo ya ndani!" akasema. "Mwanamume kayapata wapi?" Halafu macho yote yakahamia kwa mke wangu.

Ndipo nikaelewa. Nimeimba wimbo wa unyago. Mchana kweupe, mbele ya mama mkwe, nikicheza! Na wao wanaamini siri imetolewa na Mama Tumaini, kitandani kwangu. Mwanamke ambaye hata habari za sokoni sikuwahi kumsikiliza mpaka mwisho, leo anahukumiwa kwa kuniambia mambo makubwa.

"Hajaniambia kitu!" nikapiga kelele. "Niliuona kwenye video!"

Jamani. Jamani. Kuna ukweli ambao ni afadhali ungeumeza. Kina mama wakasimama wote kwa pamoja. Video! Unyago wao umerekodiwa! Unauzwa Masasi! Mama mdogo akashika kichwa: "Siku hizi kila kitu kinauzwa, sasa na sisi tumeuzwa!" Mmoja akaanza kulia. Mwingine akauliza kama kwenye video hiyo yeye anaonekana. Mjomba, ambaye kama mwanamume haruhusiwi hata kuuliza wanazungumzia nini, akakazana kulitazama paa la jiko.

Mke wangu alikuwa amenikodolea macho. Nimekuja kumchukua, nimemvunjia heshima kwao. Nilitamani ardhi inifiche, na tai yangu.

"Nyamazeni," mama mkwe akasema. Wakanyamaza. "Mwalimu, njoo huku."

Nikamfuata nyuma ya jiko kama mwanafunzi aliyechelewa. Akasimama kanipa mgongo, kama inavyopasa mama mkwe.

"Hiyo video," akasema polepole. "Ni ya mnyama wa miiba?"

"Ndiyo, Mama."

"Newala? Kwa yule mwenye jenereta?"

"Ndiyo, Mama."

Akachungulia uwanjani kuhakikisha hakuna anayesikiliza.

"Alikuwa anaimba vizuri sana," akasema.

Nilichelewa kidogo kuelewa (mimi ni mwalimu, hatuelewi haraka). Alikuwemo! Alikuwa mmoja wa wale kina mama waliosimama nyuma na mizigo yao! Maneno ya Kimakonde ni yake, sauti na makofi ni vya nungunungu. Tangu siku hiyo, wasichana wote wa Chilangala wamechezwa kwa wimbo wa katuni.

"Hawa wanajua wimbo ule nimeachiwa na bibi yangu, ng'ambo ya Ruvuma," akasema. "Na wataendelea kujua hivyo. Umenisikia, Baba Tumaini?"

"Nimekusikia, Mama. Sitamwambia mtu. Hata mke wangu."

"Hasa mke wako. Na kama una kaseti, nipe."

Nikaitoa mfukoni. Akaifunga kwenye pindo la khanga, akarudi uwanjani akiwa ameinua kichwa.

"Nimemuuliza, nimeridhika. Hakuna video. Binti yangu hana kosa, mwalimu hana kosa. Wasiulizwe tena." Akamgeukia mke wangu. "Wewe, funga mzigo. Mnaondoka leo."

Mjomba akashusha pumzi. Tumaini akaja mwenyewe akanishika mkono, akasema, "Baba, tikisa tena." Nikamziba mdomo.

Basi tumerudi. Nilifurahi mpaka nikaahidi, mbele ya lori zima, kwamba mimi si kabati tena. Nitaongea. Akiniuliza lolote nitamjibu, lote, mpaka mwisho. Akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Akasogea karibu, akaniuliza swali lake la kwanza:

"Haya. Mama alikwambia nini kule nyuma ya jiko?"

Nikamjibu, "Nzuri."

Namwona anavuka stendi na dagaa zake, na uso si mzuri. Msicheke. Mwenye uongo wowote wa kueleweka anitumie sasa hivi.