Pampu Iliyokunywa Maji ya Wageni

Jumanne, 10 Juni
Pampu ya kisima imegoma. Inaunguruma tu, maji hakuna. Na Jumamosi mama mkwe anakuja kutoka Kimilili, mara yake ya kwanza kuona nyumba yetu hapa mtaani Section 58! Nami niliapa mbele ya ukoo wake mzima kwamba kwangu mimi Makhanu maji hayakatiki. Mke wangu, Nangila, anasema tuite fundi. Fundi wa nini? Mikono ninayo.

Jumatano, 11 Juni
Jirani yetu Kiarie alichungulia juu ya ua, bila kualikwa. Akasema pampu imeshika hewa, niinyweshe maji kwanza. Niipe maji ili inipe maji! Nilimcheka. Akaenda zake akipiga mluzi. Simpendi.

Ijumaa, 13 Juni
Nimegundua ugonjwa! Nilivuta bomba lote kutoka kisimani. Mwisho kabisa nikakuta kavalvu kanakojifunga. Yaani mlango umefungwa kwenye njia ya maji! Nikakang'oa, nikakatupa chooni. Nikarudisha bomba, nikawasha. Kelele tu.

Nilingoja Kiarie aende dukani, nikainywesha. Ikanywa ndoo. Ikanywa mtungi. Ikanywa hata maji tuliyowawekea wageni. Yote nikayasikia yakianguka kisimani. Kiarie aliporudi alicheka mpaka akashikilia ua: kale kavalvu ndiko huzuia maji yasirudi chini! Nimekwisha.

Jumamosi, 14 Juni
Ugali mezani, kuku mezani, maji ya kunawa hakuna. Mama mkwe alinipa mgongo kama mila inavyotaka, mkwe asitazamane na mama mkwe, mikono yake hewani, akingoja. Nilitamani kisima kinimeze.

Akaingia Kiarie na birika la maji moto. Akawanawisha wote, akisema karibu mathe, karibu mama. Mama mkwe akamwambia Nangila, kwa sauti ya kunifikia, amshukuru mwenye nyumba kwa ukarimu wake. Akamnyooshea Kiarie kidole. Na mimi siruhusiwi kumsemesha mama mkwe, hata kumwambia nyumba ni yangu!

Jumapili, 15 Juni
Nangila ameita fundi, anakuja kesho. Aibu tupu. Yeye ameenda kanisani, ameniachia maharagwe jikoni kwenye sufuria ya presha, kwa maji ya Kiarie. Nisiguse kitu, amesema.

Sufuria inapiga mluzi. Mluzi ule ule wa Kiarie! Nimeichunguza. Juu ya kifuniko kuna kavalvu. Naenda kuchukua koleo.