Katapila Atashinda, Nimeshasema

Jumatatu, 5 Oktoba 1998

Joto la kukaanga mtu. Dagaa hawatoki. Lakini moyo mweupe kabisa, maana juzi mwanangu Jonas katangaza mieleka kwenye banda la video la Mzee Manyanda, na vigelegele vilizidi jenereta.

Hapa Mpanda televisheni haishiki kitu, ni chenga tu. Kwa hiyo shemeji yake Manyanda aliyeko Dar anarekodi mieleka kila wiki, kaseti inapandishwa treni, Jumamosi jioni tunaangalia. Wale Wamarekani wanaongea Kiingereza chao cha puani, hakuna anayeambulia neno. Ndipo Jonas anashika kipaza sauti na kutueleza. Jonas Kiingereza hajui. Lakini akili anazo. Ndiye aliyetuambia kwamba Katapila anapigana ili akomboe ng'ombe wa marehemu baba yake, waliochukuliwa na Mchungaji. Kina mama tulilia wote.

Katapila ni yule mwenye kipara. Majina tumewapa wenyewe. Ana mabega kama ya Jonas. (Jonas kwa sasa amepungua kidogo, ni ile malaria ya Februari.) Mchungaji ni yule wa koti jeusi refu, mtu wa hila, anafinya watu macho refa akigeuka. Dafrosa ndiye anayemshangilia. Dafrosa ni jirani yangu, meza yake ya nyanya inatazamana na meza yangu ya dagaa, na mtu yeyote mwenye koti kwake ni mheshimiwa.

Sasa leo nasikia Dafrosa kaenda kwa Manyanda. Kamwambia mwanawe Gaspar amemaliza kidato cha nne, Kiingereza anakijua cha kweli, kwa nini watu wadanganywe na mtoto wa Mama Jonas. Manyanda kaamua hivi: Jumamosi hii Katapila na Mchungaji wanagombea mkanda wa dhahabu. Gaspar atatangaza nusu ya kwanza, Jonas nusu ya pili. Atakayependwa na watu, kipaza sauti ni chake moja kwa moja.

Na baba yake Jonas, aliyeko Mwese shambani, alishatuma salamu: kama kijana hana kazi ya kueleweka mjini, mvua zisinyeshe kabla hajapanda mlimani kushika jembe.

Sauti ile ikapige kelele kwenye maharage. Sitakubali.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimekwenda kwa Dafrosa kuomba chumvi. Chumvi ninayo. Nilitaka kumsikia Gaspar akijinoa.

Yuko chumbani, anasema kwa sauti ya taarifa ya habari kwamba tikiti za wiki ijayo zinapatikana mlangoni, na kwamba kinywaji fulani kinaburudisha. Nikauliza ng'ombe wako wapi kwenye hadithi hiyo. Dafrosa akasema hakuna ng'ombe, Mama Jonas, hawa watu wanagombana kwa sababu ya mkataba. Mkataba. Nani atalia kwa ajili ya mkataba?

Hata hivyo sauti ya kijana ni nzito. Nikaingiwa na wasiwasi.

Nimerudi nikamwambia Jonas asukutue kwa ndimu na tangawizi, sauti ifunguke. Akasema sauti yake haina shida, Mama, naomba uiache. Nikamtilia kwenye uji bila kumwambia. Ndimu nne. Uji ukakatika, na yeye sauti ikakauka mpaka alasiri.

Atapona. Bado siku zipo.

Jumatano, 7 Oktoba

Leo jumuiya ilisali kwangu. Kwenye nia za sala nikaomba tumkumbuke kijana mmoja aliye mbali sana na mama yake, anayeumwa mgongo tangu alipopigwa na kiti cha chuma. Watu wakaitikia kwa huruma. Bibi mmoja akauliza ni wa familia gani. Nikasema ni wa familia ya Mungu.

Dafrosa akajua. Hakusubiri hata tumalize wimbo. Akaomba tumkumbuke pia mtumishi mmoja mvaa koti jeusi, anayesemwa vibaya na wauza dagaa.

Katekista akasema nia zote zimepokelewa. Hilo limeniudhi. Hazikuwa za kupokelewa zote.

Jonas alikuwa nje anakata kuni. Baadaye akaniuliza kama ni kweli tumemsalia Katapila. Nikasema tumemsalia kila mgonjwa. Akacheka, halafu akakaa karibu yangu akasema anaogopa. Si kushindana na Gaspar, ila Mwese. Kule kwa baba yake ni jembe asubuhi na ukimya jioni, na yeye akikaa kimya muda mrefu anajisikia kuumwa. Nikamwambia mama yako yupo, lala.

Alhamisi, 8 Oktoba

Treni imeingia. Kaseti imefika. Manyanda kaifungia kabatini, ufunguo kaning'iniza shingoni pamoja na rozari. Nimempelekea dagaa wa Karema, wale weupe, nikiuliza kwa upole kama kaseti zinahitaji kujaribiwa mapema, zisije zikawa mbovu. Kapokea dagaa. Ufunguo hakugusa.

Nikakata tamaa kwa muda wa kutoka bandani mpaka sokoni. Hapo nikamkuta Apolinari, anayehudumia behewa la daraja la tatu, anachagua dagaa kwenye meza yangu. Katika mazungumzo akasema kalala Tabora, kaingia kwenye banda la video la kule, kaona kipara wetu na yule wa koti wakigombea mkanda. Nikamwambia hebu kaa. Nikampa kigoda. Nikampa na maji.

Katapila kashinda. Apolinari kaona kwa macho yake. Kamnyanyua Mchungaji kama gunia la mahindi, kambwaga, kamlalia, refa kahesabu tatu, kwisha. Jambo moja tu kalishangaa: Katapila alikuwa na nywele, tena ndefu, kazifunga nyuma. Nikamweleza kwamba kule wanakula vizuri, nywele zinaota kwa wiki. Akasema inawezekana.

Mpango umekamilika. Jonas anajua mwisho, basi Jumamosi atakuwa anasema jambo kabla halijatokea. Atasema sasa Katapila atainuka, na Katapila anainuka. Watu watadhani ana kipaji kutoka juu. Gaspar na mkataba wake watakwenda kuuza nyanya.

Jonas kauliza kama Apolinari ana hakika. Nikasema mtu wa reli hawezi kukosea, anafuata chuma kilichonyooka. Akaniomba kitu kimoja: Mama, usimwambie mtu.

Nikamwambia ananifahamu.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimemwambia mtu mmoja tu, muuza viazi. Yeye siyo mtu wa maneno. Halafu fundi cherehani akaniuliza mbona nacheka peke yangu, ningekaa kimya angedhani naumwa. Halafu yule mama wa Mishamo anayeleta maharage kwa baiskeli, huyo ni mgeni, atamwambia nani. Halafu Dafrosa mwenyewe akanipita na shingo yake imenyooka, ikabidi.

Saa sita mchana Manyanda kaja sokoni anatembea kama mtu anayefuata mwizi. Kasema nimemuua. Watu wanamwambia hawaji tena, ya nini kuja kuangalia kitu ambacho Mama Jonas ameshakimaliza. Upande wa Mchungaji wote wamesusa. Upande wa Katapila nao wamesharidhika. Kasema kama banda ni tupu kesho, Jonas asisogelee kipaza sauti maisha yake yote.

Sikutetereka. Nikapanda juu ya debe langu, nikatangaza: mimi, mama yake Jonas, Katapila akishindwa kesho nitavaa koti jeusi refu Misa ya Jumapili, nivuke kanisa zima nikakae benchi moja na Dafrosa, nimpe amani yeye wa kwanza. Oktoba hii, na joto hili. Dafrosa naye, kwa kiburi chake, akapanda juu ya kreti la nyanya akaapa Katapila akishinda yeye atazunguka soko na kichwa kimenyolewa kipara.

Baada ya hapo kila mtu akasema anakuja. Mpaka watu wa Mwamkulu wamepelekewa habari. Manyanda kaondoka anachekea tumboni.

Jonas hakula. Kaniambia nimemfunga kamba shingoni na mwisho wa kamba nimempa Apolinari. Nikamwambia ashukuru, mama wengine hawawasaidii watoto wao.

Jumamosi, 10 Oktoba

Naandika usiku huu huu.

Banda lilijaa, watu wamesimama ukutani, watoto wamekaa miguuni pa watu wazima. Mimi benchi la mbele. Dafrosa benchi la mbele, upande wa pili. Kinyozi aliitwa akae tayari mlangoni na mashine yake.

Gaspar kaanza. Kasema watangazaji wanakaribisha watazamaji. Kasema hapa wanataja kampuni. Kasema uzito wa huyu ni huu. Mzee mmoja nyuma akauliza na ng'ombe je. Gaspar, kwa adabu, akasema hakuna mahali ng'ombe wametajwa. Watu wakaguna. Wakaanza kukohoa. Moyo wangu ukapanda juu.

Jonas akashika. Jamani, mwanangu. Kasema Katapila usiku ule alimwota baba yake yuko zizini peke yake. Kasema Mchungaji ameficha kwato mfukoni mwa koti. Banda likawaka. Kasema sasa atainuka, akainuka. Kasema sasa Mchungaji atakimbilia kamba, akakimbilia. Wanawake wakasimama. Mtu mmoja akavua kandambili akamlenga refa, ikagonga kabati. Hata Dafrosa niliona anajishika nywele.

Kitu kimoja kilinisumbua. Kipara kilikuwa kile kile, kinang'aa, hakuna unywele hata mmoja.

Halafu Mchungaji kachukua lile koti, kamfunika Katapila kichwa, kambwaga chini, kamlalia. Refa kapiga chini mkono. Moja.

Jonas akageuka. Hakuangalia televisheni, aliniangalia mimi.

Mbili.

Banda zima likageuka kuniangalia. Mimi nikamfanyia Jonas ishara ya mkono, endelea.

Tatu. Kengele. Na Jonas, kwa sauti ile ile nzuri, akasema Katapila ameshinda. Akasema kwao mtu akishinda hulala chini apumzike, na refa huhesabu ng'ombe anaorudishiwa. Mchungaji akanyanyua mkanda wa dhahabu juu. Jonas akasema amepewa amshikie.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Benchi la nyuma lilivunjika. Gaspar, maskini, akasimama akasema kwa haki kabisa kwamba ile ya Tabora lazima ilikuwa kaseti ya zamani, maana Katapila alinyoa mwaka juzi, na Tabora kaseti mpya ikichelewa wanarudia kuukuu. Apolinari alikuwa pembeni ya mlango. Akasema ndiyo maana alishangaa zile nywele.

Manyanda akachukua kipaza sauti mkononi mwa Jonas taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Kasema kijana ana mdomo wa dhahabu, hilo hakatai. Lakini mtangazaji anayeangalia uso wa mama yake badala ya kuangalia televisheni, huyo hamfai. Kampa Gaspar.

Karibu na nyumbani Jonas akasema, Mama, nilimwona kabisa amelala. Ila ningesema, wewe ungeaibika mbele ya watu wote.

Nimemlea vizuri mtoto huyu.

Jumapili, 11 Oktoba

Nimevaa koti. La mlinzi wa stesheni, la sufu, linafika kwenye vifundo vya miguu na linanuka mafuta ya taa. Ahadi ni ahadi.

Nimevuka kanisa taratibu ili watu waone kwamba limenikaa vizuri. Nikakaa na Dafrosa. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye kitabu cha nyimbo. Padri wakati wa komunyo kaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshapima malaria. Dafrosa wakati wa amani alinishika mkono kwa mikono yote miwili, anacheka mpaka machozi, halafu akanipepea kwa leso yake Misa nzima iliyobaki. Kasema Gaspar tangu jana analia, watu wamemwambia Jumamosi ijayo wakikosa ng'ombe wanamtoa nje. Nikamwambia mtoto wako ana sauti nzuri, Mama Gaspar, hadithi ndiyo hana. Nikamwambia hivyo kwa wema.

Baada ya Misa wanawake wawili waliniuliza koti nimelipata wapi. Nikasema limetoka Ulaya.

Salamu nyingine imeshuka kutoka Mwese. Lori linapanda kesho. Jonas amefunga nguo zake kwenye mfuko wa unga.

Jumatatu, 12 Oktoba

Nimemsindikiza kwenye lori. Nimempa karanga, sabuni, dagaa wa baba yake. Alinishika bega akasema hana kinyongo, ila ananiomba, kwa jina la Mungu, kule aendako nisimsemee. Awe kijana anayekuja kulima, basi. Apumzike kwenye midomo ya watu. Nikakubali. Nilikubali kwa moyo wote, na macho yalikuwa na maji.

Nikasimama pale kimya. Dakika nyingi tu.

Halafu dereva akauliza, kawaida tu, huyu kijana mwembamba naye anakwenda kulima? Sasa mtu anasema mwembamba, mbele ya lori zima la watu wa Mwese watakaoishi naye. Nikasema hapana, bwana. Nikasema huyu ni mtangazaji, Manyanda kamlilia asiondoke, anapanda Mwese kufungua banda la video. Mieleka, kila wiki, kwa Kiswahili. Watu wakasogea ukingoni mwa lori. Mama mmoja mwenye kuku akauliza linafunguliwa lini. Nikasema Jumamosi hii. Akauliza kama kutakuwa na yule wa kipara. Nikasema atakuwepo, na safari hii anashinda, nimeambiwa na mtu wa uhakika.

Jonas alivuta kofia ikamfunika uso wote. Ni aibu ya mtoto aliyelelewa vizuri, hapendi kusifiwa. Lori lilipoondoka watu walikuwa wamemzunguka wanamuuliza maswali, na kila mmoja ananipungia mkono.

Mwese hakuna umeme. Jenereta nadhani padri anayo. Sasa natafuta televisheni.