Mwendawazimu Aliyeitikia Salamu

Jumamosi. Rasharasha tangu alfajiri, mbingu imejikunja, nguo za jana bado mbichi kambani.

Jamani, nimeadhirika. Mbele ya majirani, mbele ya mke wangu, na mbele ya mzee mmoja wa Kihindi, muuza vitambaa, aliyetuazima pazia. Nnaandika mapema kabla hamjasikia kwa wengine, maana wao watatia chumvi. Mie sitii. (Mkiona mahala nimejipendelea, nisahihisheni. Skuli niliishia kidato cha pili, lakini haki naijua.)

Mnajua nimo katika kikundi cha maigizo cha Bi Zuhura. Yeye ni mwalimu mstaafu na anapenda ile michezo ya kizamani ambayo mpaka mwisho watu wote wameshakufa. Katuandikia mmoja. Ndugu wawili, na mnajimu katabiri tangu hawajazaliwa kwamba mmoja atamuua mwengine. Mdogo anachukua enzi, anamfukuza mkubwa. Mama yao anakufa kwa jitimai sehemu ya kwanza tu. Mkubwa anaishi pangoni, anarukwa na akili, anangoja siku ya kulipiza. Siku inafika: mdogo anakuja pangoni mwenyewe, peke yake, kwa miguu yake. "Ndiyo majaaliwa hayo," anasema Bi Zuhura. "Hakuburutwa na mtu."

Mkubwa ni mie. (Sijui kwa nini mie. Mie fundi makochi, Mwanakwerekwe. Bi Zuhura anasema nina macho ya mtu asiyelala. Kweli silali.)

Kazi yangu kubwa ni hii: mdogo anaingia, anatoa salamu, mie siitikii. Nanyamaza pumzi tatu. Kisha namchoma kisu, anakufa, na mie najichoma, nakufa.

"Mchezo wote uko kwenye huko kunyamaza," Bi Zuhura alitwambia. "Mtu akipiga kelele, watasema kalewa. Akila majani, watasema ana njaa. Lakini asiyeitikia salamu? Hapo kila mtu atajua akili imekwisha."

Sasa sikilizeni kosa letu. Mazoezini hatukuwahi kulifanya hilo! Sleiman, aliyekuwa akicheza mdogo wangu, aliona vibaya kutoa salamu halafu isiitikiwe. Mie niliona vibaya zaidi kutoiitikia. Basi akifika pale anasema, "Nshatoa salamu," na mie nasema, "Nshanyamaza," tunaendelea na kisu. Wiki sita hivyo hivyo. Bi Zuhura alikasirika, lakini hakutulazimisha. (Nadhani na yeye aliogopa dhambi. Sina ushahidi.)

Leo mchana nimeshapakwa majivu, nimevaa gunia, Bi Zuhura akaja kwa mwendo wa mtu aliyebeba habari.

"Makame, Sleiman kakwama Paje. Hotelini kazini kwake wageni wamejaa, hawakumruhusu kutoka."

"Basi tuahirishe."

"Watu wameshakaa! Nimepata mwengine. Alishacheza na mimi zamani, maneno kayashika tangu asubuhi."

"Nani?"

Akaanza kunitengeneza gunia begani, na gunia halikuwa na ubaya wowote.

"Nduguyo. Khatibu."

Kwa msionijua sana: Khatibu ni mdogo wangu, tumbo moja. Hatusemezani huu mwaka wa tatu. Baba alipofariki, Tumbatu, mie nilikuwa Pemba kikazi. Khatibu akamzika siku ile ile. Nilipofika nilikuta udongo mbichi. Nikamwambia maneno mbele ya watu wa msiba, maneno ambayo siyaandiki hapa. Nimtendee haki: maiti hacheleweshwi, ndiyo sheria yetu. Na simu yangu ilikuwa imezimika. Alinipigia mara nyingi, nikaja kuona baadaye. Hiyo haki yake. Lakini uso wa baba sikuuona, na wa kumlaumu alikuwepo yeye tu.

Mama anakaa kwa Khatibu, Kiembe Samaki. Huwa nakwenda kumwona mama wakati Khatibu yuko kazini, naondoka kabla hajarudi. Mwezi huu sikwenda kabisa. (Udhuru sina. Nilitafuta.)

"Bi Zuhura, umefanya kusudi."

"Kusudi gani? Wiki sita nimeshindwa kukutia chuki usoni. Leo imekuja yenyewe, ndo niifukuze?"

Mchezo ukaanza baada ya laasiri, katika ua wa nyumba moja kongwe Malindi, turubai juu, maji yanachuruzika pembeni. Nikachutama pangoni mwangu (maboksi yaliyopakwa rangi) na kisu changu cha ubao kilichozungushiwa karatasi ya fedha. Sikuogopa. Nilijiambia, leo hata ruhusa ninayo. Kumnyamazia Khatibu? Hiyo kazi nimeshaizoea.

Akaingia. Joho la kifalme, kofia inampwaya. Amekonda, jamani. Akasimama hatua tatu kutoka kwangu.

"Assalamu alaykum, kaka."

Hilo "kaka" halimo katika maandishi. (Nimeangalia karatasi yangu tena baadaye. Halimo.)

Pumzi ya kwanza nikaimudu. Ya pili nikaimudu kwa shida. Maji yanadondoka turubaini. Ya tatu ilipotoka, ikatoka na maneno.

"Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh."

Mie huyo! Mwendawazimu! Kwa sauti ya msikitini! Na watazamaji wote wakaitikia nyuma yangu, ungesema walikuwa wamebanwa.

Sasa mnatujua. Ukishaitikia huwezi kukomea hapo.

"Hujambo?" akaniuliza.

"Sijambo. Za siku nyingi?"

"Alhamdulillahi. Wewe unaendeleaje?"

"Namshukuru Mungu. Watoto?"

"Hawajambo, wanasoma."

Kisu muda wote huo nimekiinua juu! Na bado nauliza habari za watoto!

"Mchome!" Bi Zuhura nyuma ya pazia. "Makame, mchome!"

"Nnakuja," nikamjibu. (Ndiyo. Nilimjibu. Kila mtu alisikia.)

Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele akageuka kwa mwenziwe. "Amchome vipi? Si wameshasalimiana!"

"Tena kamuuliza na watoto," mwenziwe akasema. "Haiwezekani tena."

Wallahi nilitaka kuuokoa mchezo. Nilikuwa natafuta mstari wangu, ule unaosema damu imeandikwa. Nikafungua kinywa. Kikatoka hiki:

"Mama je?"

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Yule mzee wa pazia akasimama, kakasirika kikweli, kidole juu.

"Bwana! Mama amekufa sehemu ya kwanza! Watu wote wameona! Wewe ulikuwa wapi?"

Aliuliza habari za mchezo, maskini. Hakujua alichouliza.

Khatibu hakucheka. Akaivua ile kofia ya ufalme, akaishika kwa mikono miwili.

"Mama hasimami, kaka. Miguu imekataa, wiki ya pili sasa. Nilitaka kukwambia. Nikaona hutopokea simu."

Kicheko kikakatika vipande vipande, wa mbele kwanza. Wa nyuma wakabaki wanaulizana, "Kasema nini? Kasema nini?"

Nisingepokea. Hiyo nayo haki yake.

Nikakaa chini. Nikalia, mtu mzima, gunia limefunuka mapajani, majivu yamegeuka tope usoni. Khatibu akachutama mbele yangu, naye akaanza. Bi Zuhura akaamuru pazia lishushwe, likakwama kabla halijafika chini. Likatuficha vichwa tu. Watu wakaendelea kuangalia magoti ya wafalme wawili yakitikisika.

"Sasa nani kafa?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma.

Bi Zuhura akatokeza mbele ya pazia. "Kafa mwandishi," akasema. "Nendeni nyumbani, mvua itaongezeka."

Wakapiga makofi. Sijui walimpigia nani.

Baadaye Bi Zuhura aliniita pembeni. "Makame, miaka arobaini nasomesha watu kwamba binadamu hakwepi alichoandikiwa. Wewe umekwepa kwa kuuliza habari za nyumbani." Akaniambia kuanzia wiki ijayo nitapanga viti. Ni sawa. Viti nnavijua.

Mie, mke wangu na Khatibu tukaenda moja kwa moja Kiembe Samaki. Mama yuko kitandani, kawa mdogo, shuka imembakia kubwa. Nikamwamkia. Akaitikia, akaupitisha mkono shavuni mwangu, akaangalia vidole vyake vilivyojaa majivu.

"Umepika kwa kuni?"

"Naam, mama," nikasema. (Uongo. Lakini ningeanzia wapi?)

Hakuniuliza kwa nini sikuja mwezi mzima. Bora angeuliza. Khatibu akanionesha dawa za mama, ipi ya asubuhi, ipi ya jioni, kama mtu anayekabidhi zamu. Mambo ya baba hatukuyagusa. Sijui kama tutayagusa. Mie nnaogopa nikianza nitayarudia yale yale, na yeye nadhani anaogopa hivyo hivyo.

Mliokuwa mmeinua simu zenu pale uani, nakuombeni mfute. Mie nichekeni tu, nimestahiki, nimelipa kwa uso wangu. Lakini Khatibu naye analia humo, na yeye alikuja kumsaidia mtu tu.

Jioni tumekula muhogo wa nazi na samaki changu wa kukaanga, wote tumekaa chini chumbani kwa mama. Khatibu kamshika mama mgongo, mie nimemlisha. Kala matonge manne, la tano akageuza uso.