Vitasa vya Gari la Baba

Jumatatu, 3 Machi

Mlango umefunguka wenyewe! Tena kwenye mzunguko wa barabara kuu, saa mbili asubuhi, magari yamejaa nyuma yangu. Namshukuru Mungu kiti cha abiria hakikuwa na mtu. Kilikuwa na bahasha ya kurasa za kitabu cha hesabu ninachokisahihisha kule kiwanda cha uchapaji. Kurasa zikaruka kama njiwa. Nimeziokota kwa magoti huku madereva wakinipigia honi, na mmoja akinipa maoni yake kuhusu ubongo wangu. Ukurasa wa 52 umeondoka na gurudumu la lori. Kuna watoto hawatajua kamwe jinsi ya kujumlisha sehemu.

Mchana nimepeleka gari kwa fundi bodi. Amebandua bodi ya ndani ya mlango, akachungulia, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Kasema ulimi wa kitasa umelika, springi imechoka, na kwamba kwa muda mrefu mlango huu umekuwa ukijifunga kwa heshima tu. Mlango wa dereva nao uko njiani. Ana njia mbili. Kukarabati vitasa vya zamani, lakini hatoi ahadi. Au kuweka vya kisasa, ambavyo vinauma mara mbili: jino la kwanza likikosa, la pili linashika.

Nimemwambia nitafikiri. Uongo. Sina cha kufikiri. Gari hili lilikuwa la baba. Vitasa ni vya baba. Mkono wake umevifungua na kuvifunga kwa zaidi ya miaka thelathini.

Halafu Jumamosi kuna maonyesho ya magari ya kale. Kati ya alama mia, arobaini ni za uasilia. Shemeji, kaka wa mke wangu, atakuwepo. Humu shajarani namwita Kioo, kwa sababu gari lake linang'aa mpaka watu wanachania nywele mbele yake. Mwaka jana alipewa cheti. Mimi nilipewa kalamu.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu amesikia habari za mzunguko. Nani kamwambia? Mji mzima, nadhani.

Mke wangu ni mkunga. Hapigi kelele; amezoea wengine ndio wapige. Kaniambia kwa sauti ya chini kwamba kila Ijumaa mama yangu hukaa kwenye kiti hicho nikimpeleka kliniki ya macho. Nikamweleza kuhusu uasilia. Nikamweleza vizuri, kwa mifano. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mama naye ni wa asili, na hana spea.

Nimekubali vitasa vya kisasa. Kwa mdomo.

Lakini nilipokuwa naoga nikapata wazo. Kwa nini nichague? Vya kisasa siku za kawaida, vya asili siku ya majaji! Nimekimbilia kwa fundi nywele zikiwa bado na sabuni. Kwanza amecheka. Kisha kasema tatizo ni matundu: vya kisasa vinataka matundu mapya kwenye chuma cha mlango. Kutoboa mlango wa baba! Nimehisi kama ananitoboa mimi. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyesema anaweza kukata bamba la chuma, lishike matundu ya zamani upande mmoja na kubeba kitasa kipya upande mwingine. Hakuna kutoboa. Kubadilisha ni dakika ishirini kila mlango, na milango iko miwili tu.

Mimi ni mtu mwenye akili. Nashangaa kwa nini naishia kusahihisha kazi za wengine.

Alhamisi, 6 Machi

Vimefungwa. Fundi amenifundisha kuvitoa na kuvirudisha. Nimevunja kucha moja tu.

Vinafunga, siwezi kubisha. Unasukuma kwa kidole, vinasema tk. Basi. Kama friji.

Jioni nimekaa ndani ya gari uani, peke yangu, nikifungua na kufunga. Tk. Tk. Baba akirudi kutoka kazini mlango ulikuwa ukisema klap, halafu kimya kidogo, halafu dufu. Sisi watoto tulikuwa tukisikia dufu ndipo tunatoka mbio. Nilipokuwa mkubwa nikaanza kuusikiliza ule ukimya wa katikati. Ukiwa mfupi, siku yake ilikuwa nzuri. Ukiwa mrefu, tulikaa mbali naye mpaka ale. Huu ni mwaka wa kumi na moja tangu afe. Sauti yake kwenye simu ya zamani imefutika. Nguo tuligawa. Nilikuwa nimebaki na klap na dufu, na hata hiyo dufu sijaisikia tangu nianze kuliendesha mimi. Labda siufungi sawasawa.

Mama ametoka na fimbo yake, akaugusa mlango, akaufunga, akaufungua. Kasema huu una adabu. Akarudi ndani.

Ijumaa, 7 Machi

Kliniki. Macho ya mama yako vilevile, jambo ambalo daktari anaona ni ushindi.

Nimeona kitu njiani. Kila siku mama akipanda gari hili hushika kile kishikio cha juu ya mlango, mkono wa kushoto, kuanzia nyumbani mpaka tufike. Nilidhani ni mazoea ya wazee. Leo tumepita mzunguko na mikono yake yote miwili iko juu ya mkoba. Alikuwa akitazama maduka. Akaniuliza lile duka la vitambaa lilihamia lini. Lilihama miaka mitano iliyopita.

Nimelifikiria hilo kutwa nzima. Kisha nikakumbuka alama arobaini.

Mke wangu ana zamu ya alfajiri kesho. Bisibisi nimeiweka tayari.

Jumamosi, 8 Machi

Aibu. Niandike haraka kabla sijaanza kuipamba.

Mke wangu alipoondoka tu, nikatoa vya kisasa, nikarudisha vya asili. Dakika ishirini? Saa moja na nusu! Nikaenda kunawa. Niliporudi, mama alikuwa ameketi kiti cha mbele. Gauni zuri, kilemba, mkoba magotini. Kasema hajawahi kuona maonyesho, na macho yenyewe ndiyo haya, asipoona mwaka huu ataona lini.

Ningefanya nini? Kumwambia ashuke ni kumwambia kwa nini ashuke. Nyuma hapati pa kuweka magoti.

Nikavua tai. Nikaifunga kwenye mpini wa mlango wake, ncha ya pili nikaifunga kwenye mguu wa kiti changu. Nikamwambia ndivyo magari ya maonyesho yanavyofanywa. Mama akaitazama tai, akanitazama mimi, akashika kishikio cha juu.

Nimeendesha kama nabeba mayai. Baiskeli mbili zimetupita. Mtu mmoja aliyekuwa akitembea ametusalimia, akauliza habari za nyumbani, akatangulia. Kwenye mzunguko mlango ukaachia. Tai ikashika! Ukafunguka kiasi cha shubiri moja tu. Mimi nimerusha mkono mbele ya kifua cha mama bila kufikiri. Yeye hakutoka. Kiatu chake cha kushoto kimetoka.

Tumefika uwanjani mama akiwa na kiatu kimoja, ananiegemea.

Jaji alikuwa mama mmoja mhandisi mstaafu, miwani mbili: moja usoni, nyingine kichwani. Mwendo wa pole, mwenye staha. Akasifu viti. Akasifu usukani. Akafungua mlango, akainama, akasugua kitasa kwa kitambaa, akasoma namba. Akabadilisha miwani, akasoma tena. Kisha akaniambia kwa upole kabisa kwamba kitasa hiki si cha gari hili. Hakijawahi kuwa. Ni cha gari dogo la kusambazia mikate, lililotengenezwa miaka kadhaa baadaye. Cha upande wa pili hali kadhalika. Akaandika sifuri kwenye sehemu ya vitasa. Akaniuliza pia kama tai ni sehemu ya uasilia.

Kioo alikuwa amesimama hapo hapo. Sikumsikia akija. Nikajiandaa kwa kicheko. Hakucheka! Alisema pole, shemeji. Ningependa acheke. Gari lake, kumbe, lina vitasa vya kisasa kila mlango. Ameviandika kwenye fomu yake mwenyewe, kwa herufi kubwa. Akapoteza alama, akapata nafasi ya pili, na amelala vizuri wiki nzima.

Alimrudisha mama nyumbani kwa gari lake. Kwa hiyo mke wangu amesikia kila kitu kwa kaka yake kabla mimi sijafika. Amenitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza kama tai imepona.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi nimekwenda mzunguko, nikakipata kiatu. Kimekuwa bapa. Nimempelekea mama hivyo hivyo, nikapiga magoti na kumwomba radhi. Akaniambia niketi, sakafu ni baridi. Nayaandika maneno yake kama yalivyo, kwa sababu sitaki kuyasahihisha.

“Yule mama jaji hakukosea,” alisema. “Vitasa vya gari lenyewe baba yako alivitupa chooni.”

Nikamuuliza alivitupa kwa nini.

“Ulikuwa na miaka minne. Umesimama kwenye kiti cha mbele unaimba, maana ukiambiwa kaa husikii. Mimi nipo nyuma na vikapu. Kwenye kona ya mteremko mlango ukaachia, nawe ukatoka. Mzima mzima, kama mzigo. Mimi niliona nyayo zako tu. Baba yako alikudaka kwa mkanda wa kaptula. Mkono mmoja kwako, mmoja kwenye usukani.”

“Sikumbuki kitu, mama.”

“Utakumbuka nini? Ulikuwa unacheka. Ulidhani ni mchezo. Yeye akasimamisha gari, akashuka, akaketi kando ya barabara amenipa mgongo. Nikadhani anatapika. Nilipomfikia alikuwa analia.”

Baba. Sijawahi kumwona baba akilia, hata kwenye msiba wa mama yake.

“Kesho yake akaenda kwa fundi, akamwambia weka chochote kinachofunga. Fundi alikuwa na vya gari la mikate. Vile vya zamani akavitupa shimoni, asije akavionea huruma. Alikuwa anazipenda sana zile sahani zake, lakini siku hiyo hakutaka hata kuviona.”

Vitasa ndivyo alivyoviita sahani. Vilikuwa vya duara.

Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia.

“Alinikataza. Alisema mtoto akijua baba yake alikaribia kumpoteza, hatapanda tena gari lake kwa amani. Basi jambo hilo akabaki nalo yeye. Kila akifunga mlango, anasimama, halafu anausukuma kwa kiganja kuhakikisha. Miaka yote. Hata gari likiwa tupu.”

Dufu haikuwa sauti ya gari. Ilikuwa kiganja chake. Na ukimya ule tuliokuwa tukiupima ili kujua siku yake ilivyokwenda, alikuwa amesimama tu, anaogopa.

Nimemuuliza mama kama na yeye ndiyo maana hushika kishikio. Kasema ndiyo, na kwamba Ijumaa alikuwa amesahau kukishika, ikawa raha.

Jumatano, 12 Machi

Nimekuwa mtu mwingine. Vya kisasa vimerudi tangu Jumatatu, na leo fundi amekaza bamba kwa boliti zisizotoka. Nimemwomba mke wangu msamaha. Nimempigia simu Kioo, nikamshukuru, na nimeamua kuacha kumwita Kioo. Mama nimemnunulia viatu vipya. Jana tumezunguka mzunguko mara mbili kwa sababu tu aliomba. Nilipoegesha nyumbani nikafunga mlango wake, nikasimama, nikausukuma kwa kiganja. Hakuna aliyeniona.

Nimeelewa jambo moja kubwa: baba hakutaka uasilia. Baba alitaka mlango unaofunga.

Sasa. Leo nilipokuwa nasubiri boliti, fundi ametaja, kwa kupita tu, kwamba nje ya mji kuna mfugaji mwenye gari kama langu. Aina ile ile, mwaka ule ule. Halina injini wala magurudumu. Kuku wanatagia humo. Lakini milango haijafunguliwa kwa miaka arobaini. Vitasa vyake ni vya asili kabisa, vya duara, na ulimi haujalika hata kidogo!

Nimelitafakari hili kwa utulivu, si kama zamani. Baba alitupa vitasa vilivyolika. Hivi havijalika. Kwa hiyo vinafunga. Kwa hiyo baba, angevipata, angeviweka. Sioni kosa popote, na kazi yangu ni kuona makosa.

Nimemwambia fundi boliti zisizotoka zikazwe kidogo tu. Nimemwambia mke wangu kwamba Jumamosi nakwenda kumwona mfugaji wa kuku, jambo ambalo ni kweli tupu. Amefurahi nimepata shughuli isiyohusu magari. Kaniagiza trei moja.

Nimeandika kwenye kikaratasi nisije nikasahau: bisibisi, mafuta ya kutu, mayai.